Gondo, Gondo, Mvua, Gondo

Tambi za stesheni ya Tosu huliwa wima. Unashuka kwenye treni, unasogea kwenye kibanda kilichopo palepale jukwaani, na kabla hujakaa sawa umeshapewa bakuli la moto: tambi nene nyeupe za ngano ndani ya supu, juu yake nyama ya kuku iliyochambuliwa na kukolezwa hadi ikawa na utamu kidogo. Wenzangu walikula huku wakitazama saa, wakarudisha bakuli, wakapanda treni. Mimi nilikula taratibu. Nilikuwa nimefika mji aliozaliwa mtu niliyekuwa nikimsoma kwa miaka miwili.

Nilikuja Japani Juni 2025 kwa semina ya walimu wa michezo pale Fukuoka. Semina ilipokwisha zilinibaki siku tano kabla ya ndege. Mwenyeji wangu, dada mmoja Mjapani aliyewahi kujitolea Tanzania na anayeongea Kiswahili kinachonifanya nisahau niko wapi, aliniuliza nataka kuona nini. Mlima Fuji? Kyoto?

"Nataka kwenda Tosu, dada."

Alinyamaza kidogo. "Mwalimu, Tosu kuna nini?"

Nikamwambia: Gondo.

Lazima nieleze jambo hili, maana ndilo lililonisafirisha. Nafundisha besiboli vijana wa sekondari Dar es Salaam. Mchezo huu ulianza kufundishwa kwetu mwaka 2012, na pale Azania, Upanga, tuna uwanja uliojengwa kwa msaada wa Japani, nao unaitwa Koshien kama ule maarufu wa huko. Nilikuwa na kijana mmoja mrefu, mkono mwepesi, mpira ukimtoka unasikia tu mlio kwenye glavu ya mdakaji. Katika mashindano fulani nilimpanga kurusha siku tatu mfululizo. Tulikuwa tunashinda, naye hakuwahi kusema amechoka. Siku ya tatu, baada ya mchezo, alijaribu kunyoosha mkono na kiwiko kikagoma. Hakulia, wala hakunilaumu. Alinishukuru kwa kumwamini. Sikulala vizuri usiku ule, na usiku mwingine mwingi baada ya huo.

Nikaanza kusoma kuhusu mikono ya warushaji, na kila nilipogusa nilikuta jina moja: Hiroshi Gondo.

Alizaliwa Tosu, mkoa wa Saga, tarehe 2 Desemba 1938. Alipomaliza shule alichezea timu ya kampuni ya Bridgestone katika mji jirani wa Kurume, kwenye viwanda vya matairi. (Mwenye kampuni aliitwa Ishibashi, yaani daraja la mawe, akaligeuza jina lake kuwa Kiingereza na kulipindua. Dada alinisimulia hayo tukila tambi, na ninapenda kujua vitu vya namna hiyo.) Mwaka 1961, akiwa na miaka 22, Gondo alisajiliwa na Chunichi Dragons ya Nagoya. Alipanda kilima cha mrushaji, ule mwinuko mdogo anaposimama kurusha, kama mchezaji mpya asiyejulikana, na msimu ulipokwisha ushindi wa michezo 35 ulikuwa umeandikwa kwa jina lake.

Kwa asiyeujua mchezo, niseme hivi. Timu ilicheza michezo 130 mwaka ule. Gondo alirusha katika 69. Alianza michezo 44, na 32 kati ya hiyo aliimaliza mwenyewe toka mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Iningi alizorusha, yaani vipindi vya mchezo, ambavyo kwa kawaida huwa tisa, zilikuwa 429 na theluthi moja. Siku hizi mrushaji wa kuanza Japani hupanda kilimani mara moja kwa wiki, na anayefikisha iningi 200 kwa msimu ni wa kuhesabu kwa vidole. Gondo alifanya zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa mkono mmoja, katika mwaka wake wa kwanza.

Tosu yenyewe haikunichukua muda. Ni mji mtulivu wa makutano ya reli, na fulana nilizoziona zilikuwa za timu ya mpira wa miguu. Tulitembea, tukasimama nje ya uzio wa uwanja mmoja wa shule tukitazama vijana wakikimbia kwa mistari. Mvua ya rasharasha ilianza. Ni majira yao ya mvua, wanayaita tsuyu, na mawingu hukaa chini kana kwamba yamefungwa kwenye nyaya za umeme. Tukarudi Hakata, stesheni kuu ya Fukuoka, tukapanda treni ya mwendokasi kwenda Nagoya.

Safari ile ni ya zaidi ya saa tatu. Dirishani mvua ilikuwa ikikimbia kwa ulalo juu ya mashamba ya mpunga. Nikamwomba dada anitamkie kwa Kijapani ule msemo uliotungwa mwaka 1961 na ambao Wajapani hawajausahau hadi leo. Akautamka kwa mdundo, kama watoto wanaoruka kamba: Gondo, Gondo, ame, Gondo, ame, ame, Gondo, ame, Gondo. Ame ni mvua. Ndiyo ilikuwa ratiba ya Dragons. Leo anarusha Gondo, kesho Gondo, keshokutwa mvua imenyesha mchezo umeahirishwa, mtondo Gondo tena.

Ukitoka stesheni ya Nagoya kuelekea Tokyo, treni hupita jirani kabisa na uwanja wa zamani wa Dragons. Ukiwa upande sahihi unauona chini yako kwa sekunde chache. Timu kubwa ilihamia uwanja wenye paa mwaka 1997, na huu wa zamani sasa ni wa kikosi cha pili, cha vijana na wanaouguza majeraha. Kesho yake tulichukua treni ndogo hadi Sanno, kituo kimoja tu kutoka Nagoya, tukatembea. Nilikuwa na hamu ya kukaa pale nimtazame kijana yeyote akirusha mahali aliporushia Gondo.

Mchezo ulikuwa umeahirishwa kwa mvua.

Tulisimama langoni na miavuli yetu. Pembeni alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia ya buluu ya Dragons, amefunga koti la plastiki hadi shingoni, naye kaja kuona mchezo. Alitutazama, akanitazama mimi zaidi, akamuuliza dada mgeni huyu katoka wapi. Dada alipomweleza kwamba nimetoka Tanzania kwa ajili ya Gondo, yule mzee alivua kofia. Kwenye mvua! Nikamwomba airudishe, nikamwinamia kama nilivyofundishwa, na moyoni nikasema shikamoo.

Mwaka 1961 alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nyumba yao haikuwa mbali, na baba yake alikuwa akimleta akipata nafasi. Nilidhani atanisimulia ushindi. Badala yake alisimulia kuhusu mvua. Alisema siku za mchezo alikuwa akiamka mapema, anatazama mbinguni, na anaomba mvua isinyeshe, kwa sababu ikinyesha Gondo harushi. Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo dada alilitafsiri kwa sauti ya chini: "Nilikuwa mtoto. Sikujua ninachoomba."

Mimi nilikuwa mtu mzima, na sikuhitaji kuomba mvua isinyeshe. Nilikuwa na daftari la ratiba mkononi.

Yaliyofuata kwa Gondo yanasimuliwa haraka, kwa sababu yalikwenda haraka. Mwaka 1962 alishinda tena michezo 30. Siku hizo iliaminika Japani kwamba bega la mrushaji halitakiwi baridi, hivyo baada ya kurusha waliingia kwenye maji ya moto. Barafu ambayo kila kijana huwekewa leo ingeonekana wazimu. Mwaka 1963 alishinda 10, na 1964 akashinda 6. Kisha bega likakataa kabisa, akageuzwa kuwa mchezaji wa ndani ya uwanja, mpigaji. Alijaribu kurudi kilimani mwaka 1968 na akastaafu mwaka huohuo. Ushindi wake wote ni 82, na 65 kati ya hiyo ni ya miaka miwili ya mwanzo.

Wengi wetu tungeishia hapo, na uchungu wetu. Gondo akawa kocha wa warushaji, na kwa maisha yake yote yaliyobaki alilishika neno moja: bega ni kitu kinachotumika kikaisha. Alikuwepo Chunichi walipochukua ubingwa wa ligi mwaka 1974. Alikuwepo timu ya Kintetsu mwaka 1988 na 1989; huko walihitilafiana na kocha mkuu juu ya namna ya kuwatumia warushaji, na akaondoka mwaka uleule timu ilipotwaa ubingwa wa ligi. Hilo nalitafakari sana. Kuondoka kwa sababu umeshindwa ni rahisi kueleweka. Yeye aliondoka kwenye sherehe.

Miongoni mwa vijana wake wa Kintetsu alikuwemo Masato Yoshii, aliyekuwa mrushaji bora wa akiba wa ligi mwaka 1988. Yoshii naye akaja kuwa kocha. Timu ya Chiba Lotte ilipompata kijana wa mkono wa ajabu, Roki Sasaki, Yoshii ndiye aliyekuwa kocha wa warushaji, na msimu mzima wa 2020 Sasaki hakurusha mchezo hata mmoja rasmi. Walikuwa wanaujenga mwili wake kwanza. Aprili 2022 aliwatoa wapigaji wote 27 wa timu ya Orix bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Wiki iliyofuata alikuwa amefanya hivyohivyo kwa iningi 8, na timu ikamtoa, mipira 102 ikiwa imetosha. Nilimwonyesha dada video hiyo ndani ya treni ya kwenda Yokohama, nikimwonyesha jinsi anavyotoka uwanjani akitembea taratibu, mkono mzima.

Yokohama mvua ilikatika. Uwanja wao uko katikati ya bustani, hatua chache kutoka stesheni ya Kannai, na harufu ya maandazi ya mvuke kutoka mtaa wa Wachina inakufuata hadi karibu na lango. Hapa ndipo Gondo alipokuwa kocha mkuu mwaka 1998. Aliwakataza wachezaji kumwita kwa cheo. Alitaka aitwe Gondo-san tu, na anayekosea alipe faini ya yen 1,000. Warushaji wa akiba aliwapanga kwa zamu ili kila mmoja apate siku ya kupumzika, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mwaka ule Yokohama BayStars walichukua ubingwa wa Japani, wa kwanza tangu 1960. Miaka 38.

Nilikaa juu kabisa, taa zimewashwa, watu wa kila umri wamevaa buluu. Baada ya iningi ya sita mrushaji wa nyumbani alitolewa huku timu yake ikiongoza. Uwanja mzima ulimpigia makofi. Nikajikuta nimesimama.

Tokyo nilipita kwa saa chache tu, kwenye makumbusho ya besiboli yaliyomo Tokyo Dome, nikaona bamba la shaba la Gondo; aliingizwa mwaka 2019. Miaka miwili kabla ya hapo, akiwa na miaka 78, alikuwa kocha wa warushaji wa timu ya taifa kwenye mashindano ya dunia, ambako kanuni ilimruhusu mrushaji mipira 65 tu katika hatua ya kwanza.

Nilifika Dar mwanzoni mwa Julai. Mwezi huo kwetu hakuna mvua. Jua, vumbi, na upepo wa kusi. Yule kijana wangu alinipokea uwanjani. Siku hizi anacheza kituo cha kwanza, na anapiga vizuri. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu Nagoya na bado yakanitoka ovyo. Akainama akichezea glavu, akasema, "Yameisha, Mwalimu."

Kisha tukakaa chini ya mti na kuchora ratiba ya mwezi: majina upande wa kushoto, siku juu, na kila kisanduku idadi ya mipira. Warushaji wanne. Siku za kupumzika nilikuwa nataka kuziacha wazi, yeye akauliza tuandike nini ili mtu asijaze. Nikamwambia aandike "mvua".

Jumatatu saa kumi jioni, jua likiwa bado kali, mrushaji wetu mdogo alikuja na glavu yake akasoma karatasi iliyobandikwa. Akaangalia juu mbinguni. Akarudi kukaa kivulini.