Pasaka ya Bahia na bei ya yai la chokoleti

Yai moja la chokoleti lisilofikisha gramu 200 linauzwa hapa Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia nchini Brazili, kwa zaidi ya reali 60, na anayetaka kujua hizo ni shilingi ngapi apige hesabu mwenyewe, kwa maana mimi nimechoka. Chokoleti bapa ya kampuni ileile, kwa uzito uleule, haifiki nusu ya bei hiyo. Ziada yote unalipia umbo, karatasi inayong'aa na kijidoli kilichofichwa ndani. Wala huwezi kukwepa. Karnavali ikiisha tu, maduka makubwa hufunga fremu juu ya vichwa vya wateja na kuyaning'iniza mayai kwa mamia, kiasi kwamba mtu mrefu hupita ameinama, na kila mtoto wa mtaa anajua lipi ni lake. Ukiwa baba wa ubatizo, deni lako halina mjadala.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa Kyela, Tanzania, niliyekua nikigeuza kokoa juani. Bei ya kokoa ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, baada ya mavuno kuharibika Ivory Coast na Ghana, wakulima wa kwetu walau walionja neema kidogo, ila wauzaji wa huku walipata kisingizio kizuri cha kupandisha bei. Na Bahia yenyewe ni nchi ya kokoa! Mashamba ya upande wa Ilhéus yaliitajirisha Brazili hadi ugonjwa wa kuvu uitwao ufagio wa mchawi ulipoingia huko mwaka 1989 na kuyateketeza, na leo taifa lililokuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani huagiza kokoa kutoka Afrika Magharibi. Wewe unayefikiria kuja, tenga fedha za Pasaka mapema kama unavyotenga kodi ya nyumba, na kama watoto wako wanaweza kuvumilia, subiri hadi sikukuu ipite, kwani mayai yaliyovunjika huuzwa kwa bei ya kutupa.

Nikisema hayo tu nitakuwa nimewaonea watu hawa, maana Ijumaa Kuu yao sijaiona kwingine. Kote Brazili nyama nyekundu huachwa siku hiyo, na mwenye uwezo hula chewa mkavu wa chumvi kutoka Norwei, desturi iliyoletwa na Wareno. Asiye na uwezo hula samaki wowote. Bahia, hata hivyo, huongeza chakula ambacho mababu zao waliotekwa utumwani Afrika Magharibi wangekitambua mara moja: vatapá, ambayo ni uji mzito wa mkate, kamba wakavu, karanga na tui la nazi, na caruru, yaani bamia zilizokatwakatwa, vyote vikipikwa kwa mawese mekundu kabisa. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye kwa kawaida hunisalimu kwa kutikisa kichwa, alinigongea mlango akiwa na sahani iliyofunikwa, akasema kwamba siku hiyo mtu hali peke yake. Sisi wa Kyela michikichi tunaijua. Nilikula nikaomba tena, jambo ambalo mama yangu mzazi angenikanya.

Jumamosi, katika baadhi ya mitaa na miji ya bara, vijana hutengeneza Yuda wa matambara, mara nyingi akiwa na sura ya mwanasiasa aliyewachosha, wakamtundika, wakampiga na hatimaye kumchoma moto.

Jumapili ndipo ninapopwaya. Mimi ni Mmoraviani, na kwetu Pasaka huanza alfajiri makaburini kwa tarumbeta, wakati huku familia nyingi huamka taratibu, wakagawiana mayai, kisha wakakaa mezani hadi jioni. Sisemi ni vibaya, ila mwili wangu huamka saa kumi hata hivyo.

Kisha Jumatatu kila mtu yuko kazini, kwa sababu Jumatatu ya Pasaka si sikukuu ya taifa Brazili. Nilipomwomba msimamizi wangu ruhusa, aliniuliza kwa adabu kabisa Yesu alifanya nini siku hiyo hata watu wapumzike, na mpaka sasa sijampa jibu.