Kutoka mlango hadi mlango, Michigan Avenue

Kila aliyewahi kufika Chicago aliniambia nikaone maghorofa. Niliyaona mpaka shingo ikauma, kisha nikageukia kilichonivutia zaidi: majumba ya klabu za matajiri wa zamani, yaliyojipanga upande mmoja wa Michigan Avenue yakitazama bustani na ziwa.

Hizi si klabu za muziki na bia. Ni vyama vya wenye fedha. Huingii mpaka wanachama wakupendekeze, ukubaliwe, ndipo ulipe ada. Ndani walijiwekea maktaba, vyumba vya kulala, ukumbi wa chakula, pengine hata bwawa la kuogelea. Walijenga katikati ya jiji kwa sababu benki na ofisi zao zilikuwa pale pale. Mtu alikwenda kula mchana kwa miguu, akarudi kazini biashara imeshaafikiwa mezani.

Nilianzia kusini, pembeni mwa barabara ya Van Buren, ilipo Chicago Club, iliyoanzishwa mwaka 1869. Walinunua jengo lililokuwa la Art Institute, jumba la makumbusho ya sanaa, likaporomoka mwaka 1928 wakilikarabati, wakajenga jingine hapo hapo. Sikuwa na mwenyeji, nikapita.

Mbele kidogo ni lililokuwa jengo la Illinois Athletic Club. Hii ndiyo klabu ya Johnny Weissmuller, muogeleaji wa dhahabu 5 za Olimpiki za 1924 na 1928, ambaye baadaye alikuwa Tarzan wa sinema. Sasa ni mali ya chuo cha sanaa, na wanafunzi wanaingia na mabegi yao bila kuulizwa wametumwa na nani. Kwenye kona ya barabara ya Monroe, jengo la University Club la mwaka 1909 bado ni la wanachama. Ukilitazama kwa nje, na madirisha yake marefu yaliyochongoka, utadhani ni kanisa kuu.

Tusipambe mambo. Kwa miongo mingi klabu nyingi za aina hii Marekani ziliwafungia mlango wanawake, Weusi na Wayahudi, na aliyekosa kiti mezani alikosa pia dili. Hoja hiyo ndiyo iliyobeba sheria ya Jiji la New York dhidi ya ubaguzi katika klabu kubwa, za wanachama zaidi ya 400, zenye kuhudumia chakula na kupokea fedha za shughuli za kibiashara. Mahakama ya Juu iliiunga mkono mwaka 1988.

Nilichokitaka hasa kilikuwa Chicago Athletic Association, kazi ya msanifu majengo Henry Ives Cobb, iliyofunguliwa mwaka 1893, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia mjini humo. Uso wake ni Venice tupu: matao yaliyochongoka na mawe yaliyotobolewa kama lesi. Klabu ilifungwa mwaka 2007; tangu 2015 ni hoteli, kwa hiyo niliingia tu. Ngazi za marumaru, kuta za mbao nyeusi, mahali pa kuotea moto ambapo ungeweza kusimama ndani. Bei ya kinywaji, nayo, inachuja watu kwa namna yake.

Ghorofa ya pili kuna chumba cha michezo. Kwenye meza ya biliadi nilimkuta mama mmoja akiwafunga wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alidai meza imepinda.