Mama aliuliza kama tuna njaa

Jana nilimpigia mama Handeni kwa video. Shikamoo, marahaba, habari za baridi, kisha nikamgeuzia simu amwone mnyama niliyemwinda, aliyening'inia bandani kwa jirani. Akanyamaza. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Mwanangu, mna njaa huko?"

Nilicheka mpaka simu ikataka kunidondoka, lakini swali lenyewe limelala nami. Kwetu sikuona mtu akiwinda kwa raha. Babu alikuwa na gobore, akilishindilia baruti kwa ufito, na akiingia porini alikuwa anafuata kitoweo, basi. Akirudi mikono mitupu tunakula mlenda. Akirudi na kanga wawili, majirani wanajua kwa harufu. Sisi watoto tulikuwa na manati na ulimbo, na tetere tuliyemnasa alitupwa motoni hata manyoya hayajaisha. Hapa Wisconsin, Marekani, majokofu yamejaa nyama, na bado ikifika ile Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, msimu wa kuwinda kwa bunduki wa siku 9 unapofunguliwa, kazini kwetu zamu zinabaki mapengo. Raha yenyewe iko wapi? Mama anastahili jibu.

Mimi nilianzia kwenye visahani. Jirani yangu, mzee mmoja fundi wa kuchomelea aliyestaafu, alinichukua kiangazi kimoja kwenda kulenga shabaha. Wanaviita njiwa wa udongo. Si njiwa wala si udongo: ni unga wa mawe ya chokaa uliogandishwa kwa lami, sahani ya milimita 108, rangi ya chungwa, inayorushwa hewani. Zamani walikuwa njiwa wa kweli, wakifungiwa kwenye visanduku vinavyofunguliwa kwa kamba, ndiyo maana mpaka leo mpigaji akiwa tayari anapaza sauti "Vuta!" Hata kwenye Olimpiki ya Paris ya 1900 walipigwa njiwa hai. Nashukuru nilichelewa kuzaliwa.

Mzunguko mmoja ni visahani 25. Siku ya kwanza nilivunja 6, na bega likavimba. Mzee akaniambia nasumbuka na mtutu, naacha kukitazama kinachoruka. "Unapiga pale kilipokuwa," alisema. Ilinichukua majuma kuelewa kwamba bunduki ya marisau haielekezwi kama kidole kwenye ramani. Unakifuata kisahani, unakipita kidogo, unafyatua, na mkono hausimami. Siku moja kisahani hakikuvunjika, kiligeuka moshi mweusi hewani na kutoweka. Nikapiga kelele kama mtoto. Hiyo raha naweza kumweleza mtu yeyote, maana haimdhuru yeyote isipokuwa mfuko wangu.

Ndege ni habari nyingine. Oktoba tulifuata fezanti kwenye majani marefu, ndege mwenye asili ya China, dume lake lina kola nyeupe shingoni. Tabia zake ni za kwale mtupu: anakimbia chini chini, anajibanza, na ukikaribia kumkanyaga ndipo anafumuka kwa kelele mpaka moyo unaruka naye. Majike hatukupiga. Una nukta mbili za kuamua, na mara mbili nilishusha bunduki. Mbwa alinitazama kwa dharau zote mbili.

Sasa huyu wa bandani. Kwa mama nimemwita kulungu kwa kukosa neno la huyu wanayemwita "deer", ingawa kulungu wetu habwagi pembe, na dume la huku huziangusha kila mwaka na kuota upya. Kinachofanana ni ule mkia mweupe unaoinuka akikimbia.

Saa kumi na moja alfajiri nilipanda dungu. Wenyewe wana jina lao, lakini ni dungu lile lile tulilokalia kuamia mahindi, ila hapa vidole vinakufa ganzi, na umevaa koti la rangi ya chungwa inayoumiza macho, kwa amri ya sheria. Ruhusa ya kupiga huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kindi mmoja kwenye majani makavu ana kishindo cha ng'ombe. Alinidanganya mara tatu. Kindege chenye kofia nyeusi kikatua kwenye mtutu, kikanitazama, kikaenda zake. Nadhani nilikuwa sijakaa kimya kiasi kile tangu niache kwetu, na kama mama ananisikiliza, raha yenyewe ni hapo.

Jike hakuja. Alikuwepo tu, kati ya miti miwili niliyokuwa naitazama saa nzima. Bismillah, nikafyatua. Mkia ukainuka, akakimbia, nikasikia kuanguka. Mzee alikuwa ameniusia: usishuke, ngoja nusu saa. Nikangoja, mikono ikitetemeka hata chai ya chupa ikanimwagikia. Nilipompasua kutoa matumbo, mvuke ulitoka kama chunguni, na vidole vyangu vilivyokufa ganzi vikafufuka ndani yake. Hapo raha haikuwepo. Sikujuta pia. Nilifanya kazi kimya mpaka ikaisha.

Haya yote sikumwambia mama. Nilimwambia tu njaa hatuna.

"Ulisema Bismillah?"

"Nilisema."

"Basi nyama hiyo kavu, usiikaange. Itie ndimu, uichemshe taratibu, nazi mwisho. Mnapika leo?"

Nikamweleza bado. Kuna ugonjwa wa kukondesha unaowapata wanyama hawa, umeonekana jimboni tangu 2002, hivyo nimepeleka kichwa kikapimwe na tunangoja.

"Kwa hiyo nyama inasubiri majibu ya maabara?"

"Ndiyo, mama."

Akageuka, akamwita dada jikoni aje asikie.