Nilivyopunguza DNA ya kloroplasti kwenye sampuli za mkonge

Jani la mkonge limejaa kloroplasti, vijisehemu vya kijani vya seli vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, na kila kloroplasti ina DNA yake, nje ya kromosomu za kiini cha seli ambazo ndizo nilitaka kuzisoma. Jenomu hiyo, yaani mfuatano wake wote wa DNA, ni fupi, takriban herufi 157,000, lakini seli moja ya jani huweza kuwa na maelfu ya kopi zake. Mashine ya kusoma DNA haibagui. Kilicho kingi ndicho kinachosomwa. Ripoti ya majani ya kijani niliyokata shamba moja la njia ya Muheza ilionyesha data tele, kumbe sehemu kubwa ni kloroplasti. Mmea mwingine ningeuvumilia. Mkonge una seti tano za kromosomu, kila seti takriban 30, na bila kusomwa mara nyingi huwezi kuzitenganisha.

Nilirudi shambani nikaomba majani ya katikati kabisa, yale yaliyofungana kama mkuki. Hayajaona jua, ni meupe, na kloroplasti zake bado changa. Mzee mmoja mkata mkonge alicheka: "Mwanangu, hayo hayana singa!" Nikamjibu, "Singa nakuachia wewe, mzee wangu."

Maabara ndiko kulikokuwa na kazi. Nilisaga majani kwenye naitrojeni ya kimiminika, nikayatia kwenye myeyusho baridi wenye sukari na sabuni kidogo ya maabara. Sabuni hupasua kloroplasti, viini vya seli vyenye kromosomu vikabaki. Kisha nikazungusha kwa sentrifuji, mashine ya kutenganisha vitu kwa mzunguko, polepole ili viini vituame. Utomvu wa mkonge unateleza na kuwasha, nao hung'ang'ania DNA, hivyo niliosha na kuosha tena. Kloroplasti ilipungua sana, ila haikuisha.

Iliyobaki niliichuja kwenye kompyuta. Wapo wanaofuta chochote kinachofanana na kloroplasti. Mimi sikubaliani nao. Mimea ina vipande vya kloroplasti vilivyohamia ndani ya kromosomu tangu zamani, na ukivifagia unaacha mapengo kwenye jenomu ya kiini. Nilitumia visomo virefu, yaani vipande virefu vya DNA vilivyosomwa kwa mkupuo mmoja: kilichokuwa kloroplasti mwanzo hadi mwisho nilikiweka kando, kilichovuka kuingia kwenye mfuatano wa kiini nikakibakiza. Baada ya hapo ndipo nikakadiria ukubwa wa jenomu.

Vya kando sikuvitupa. Vilitosha kuunganisha jenomu nzima ya kloroplasti, na sasa nailinganisha na ya Hybrid 11648, chotara wa mkonge aliyezalishwa kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, ili kuona ukoo wa upande wa mama, kwa kuwa mimea mingi ya maua hurithi kloroplasti kwa mama.