Miezi mitatu ya giza na daftari la Pac-Man

Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, haukurudi mpaka Machi 2010. Nilikuwa kidato cha pili, tunakaa Michenzani kwenye yale majumba marefu, na nilikuwa nimekwama pabaya kwenye gemu niliyoipenda kuliko zote nilizopata kucheza: Pac-Man 2. Nitaeleza nilivyoimaliza, maana bila ya giza lile sidhani kama ningefika mwisho.

Mashine ya gemu ilikuwa Sega Genesis, mtumba, ami yangu kaja nayo kutoka Dubai pamoja na kaseti tatu. Siku ya kwanza tulipoichomeka picha ilitoka nyeusi na nyeupe. Tulidhani waya mbovu, tukabadilisha, wapi. Fundi akatwambia mashine ile ni ya mfumo wa picha wa NTSC, wa Marekani, na televisheni yetu inasoma mfumo mwengine, PAL, peke yake, kwa hiyo picha inapita lakini rangi hazipiti. Tukacheza hivyo hivyo.

Pac-Man wa kwanza, wa 1980, wengi wanamjua: duara la njano linakula vidoto vichochoroni huku vizuka vinne vinamwinda. Hii ya pili kampuni ya Namco waliitoa 1994 na ni kitu chengine kabisa. Humu Pac-Man ana miguu, ana mke, ana watoto, na jambo lililonipa tabu ni kwamba humwendeshi wewe. Anatembea mwenyewe, anaruka mwenyewe, anaanguka mwenyewe. Wewe umepewa manati. Unasogeza alama kwenye kioo, unalenga kitu, unakipiga ili akigeukie. Kitufe chengine ni cha kumwambia atazame juu, chini, mbele au nyuma, na cha tatu ni cha kumpa kidonge cha nguvu vizuka vikimjia, maana peke yake akiviona anazirai kwa woga. Baada ya hapo kusikiliza au kutokusikiliza ni juu yake, na inategemea moyo wake umekaaje saa ile.

Kazi ya kwanza ni ndogo kuitaja: mtoto mchanga anataka maziwa, baba aende shambani akayatafute. Wiki mbili nzima sikuyapata. Nilikuwa namwendesha kama punda wa gari. Akisimama nampiga manati, akigeuka nampiga tena, yeye ananigeukia usoni na kunifokea, na mimi naongeza. Kiingereza changu kilikuwa cha skuli tu, nusu ya maneno yake yalinipita, na wala sikuona haja ya kuyafuata. Nilitaka aende.

Ndipo umeme ukakatika.

Siku za mwanzo tulidhani ni mambo ya siku mbili tatu. Kisha pampu zikawa hazina umeme, maji yakaadimika, na kazi yangu baada ya skuli ikawa ndoo na foleni. Usiku, baada ya isha, hapana cha kufanya. Mimi na mdogo wangu, alikuwa na miaka minane, tulikaa kwenye mkeka na kandili katikati, na tukaanza kuichora gemu kwa kukumbuka. Nilichukua daftari la hesabu lililobaki kurasa nyingi. Nyumba yao, njia ya shambani, ng'ombe, kila tulichokumbuka, kila mahali ukurasa wake. Chini ya mchoro nikapiga mistari mitatu: nilichokipiga, uso wake ulikuwaje, akafanya nini.

Ule mstari wa katikati niliuweka kwa sababu ya mdogo wangu. Mimi nilikuwa nakumbuka vitu, yeye alikuwa anakumbuka nyuso, kwa kuwa muda wote niliokuwa nacheza yeye alikaa pembeni anamcheka Pac-Man. Nikiandika "kakasirika" ananizuia: "Dada, hapo hakukasirika. Hapo alisikitika." Halafu anauvuta uso wake hivi, midomo chini, nyusi juu, na kivuli chake kinajaa ukutani. Tukibishana anaurudia mpaka nakubali. Wallahi kuna usiku tulikaa mpaka mafuta ya taa yakaisha tukibishania uso mmoja.

Kurasa zilipofika kumi na kitu nikazisoma zote kwa pamoja. Karibu kila pahala nilipoandika "hakufanya kitu", mstari wa katikati ulisema kanuna, na kilichomnunisha ni manati yangu mimi. Nilikuwa namharibu moyo kwanza, kisha namwomba kazi.

Januari jirani wa chini alikuwa na jenereta, anachajia watu simu. Mama alimwomba, akatupa nusu saa. Tuliteremsha televisheni, mmoja huku mmoja kule, ngazi kwa ngazi gizani. Nilimkabidhi mdogo wangu kazi moja tu, atazame uso. Pac-Man akitoka mlangoni sikumgusa. Nilimwacha atembee, nikamwambia atazame, nikasubiri. "Bado," mdogo wangu ananambia. "Bado. Sasa kafurahi." Hapo ndipo nikakipiga kitu nilichotaka akiendee, akakiendea. Alipopotea sikumpiga yeye, nilipiga kitu chengine karibu yake mpaka akasahau. Kabla ya nusu saa kwisha maziwa tulikuwa nayo. Neno la siri la kuendelea tuliliandika kwenye gamba la daftari kwa kalamu nyekundu, kila herufi tukiisoma kwa sauti mara mbili, jirani keshasimama mkono kwenye swichi.

Yaliyofuata yalikwenda kwa njia ile ile, Machi umeme uliporudi: ua la mlimani kwa siku ya kuzaliwa ya Lucy wa humo humo gemuni, gitaa la mtoto lililoibwa na vizuka, hata lile dubwana la ubani wa kutafuna mwishoni. Sehemu ngumu kwangu ni zile za kasi, kama anaporuka na lile bawa la kitambaa, kwa kuwa pale huna nafasi ya kusubiri moyo wa mtu. Nilishindwa mara nyingi, na ni mdogo wangu aliyezipita. Mwisho tuliufikia Mei, tumetoka chuo cha Kurani.

Baadaye ami alileta televisheni inayosoma mifumo yote miwili. Tuliianza gemu upya ili tuione tu. Vizuka vilipotokea mdogo wangu alinishika mkono. Kwetu siku zote vilikuwa kizuka kimoja kilichorudiwa, na sasa Blinky mwekundu, Pinky wa waridi, kila mmoja na rangi yake. Alinyanyuka, akaleta penseli za rangi na lile daftari, akaketi mbele ya kioo akaanza kuvipaka, ukurasa baada ya ukurasa.