Siku moja maishani mwangu: kusakinisha seva ya kache kwenye mashine za shirika

Saa 1:30 asubuhi

Kabla ya barua pepe, nafungua grafu za laini za intaneti za matawi. Leo ni Jumatatu, na kesho ni Jumanne ya pili ya mwezi, siku ambayo Microsoft hutoa masasisho ya usalama. Utaratibu huo upo tangu Oktoba 2003, na kila mwezi unaacha alama ileile kwenye grafu: laini ya tawi inajaa tangu watu wanapowasha kompyuta hadi wanapoondoka.

Chukua tawi lenye kompyuta 40 na laini ya megabiti 10 kwa sekunde. Sasisho la gigabaiti 1 likipakuliwa na kompyuta moja, laini nzima inashikwa kwa zaidi ya dakika 13. Zikipakua zote 40, kila moja ikienda nje kivyake, ni karibu saa 9. Siku nzima ya kazi inapotelea kwenye faili moja inayoletwa mara 40, na anayeumia ni karani ambaye mfumo wake wa malipo haufunguki mbele ya mteja. Huyo ndiye ninayemfikiria ninapofanya kazi hii. Sasisho lenyewe lazima liingie, hilo halina mjadala. Kinachoweza kubadilika ni njia linayopita.

Saa 2:30 asubuhi

Dawa ni kache: mahali ndani ya tawi panapotunza nakala ya faili ili isiletwe tena kutoka nje. Hatununui seva. Microsoft Connected Cache ni programu tu: inakaa ndani ya kontena (kifurushi cha programu kinachojitegemea) kwenye mashine ambayo shirika tayari linayo, iwe ya Windows au ya Linux, na inasimamiwa kutoka kwenye lango la Azure, huduma ya wingu ya Microsoft. Kompyuta ya kwanza ikiomba faili, nodi, yaani mashine hiyo yenye kache, inaileta kutoka nje na kubaki na nakala. Zinazofuata zinapewa nakala hiyo kupitia mtandao wa ndani. Si masasisho ya Windows peke yake. Programu za Office na zile zinazosambazwa kwa Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta, nazo zinapita humo.

Mashine mwenyeji ya tawi la kwanza, itakayobeba kontena, ni ya Ubuntu (aina ya Linux) inayotunza nakala rudufu za ofisi. Ina nafasi ya kutosha, nami naitengea kache gigabaiti 200 kwenye diski yake ya pili. Ila poti 80, mlango wa mtandao ambao kache inauhitaji, imeshikwa. Nampigia mwenzangu wa tawini.

“Kaka, kuna kitu kinakaa poti 80 kwenye mashine yenu.”

“Ni ule ukurasa wa fomu za likizo. Wa zamani, lakini watu bado wanautumia.”

“Basi tuuhamishie mashine nyingine kwanza, kisha niendelee. Sitaki mtu akose fomu yake kwa sababu yangu.”

Tunauhamisha. Kazi ya nusu saa, na ni nusu saa halali. Kumsogeza mwenyeji aliyekuwapo bila kumpa mahali pengine ni kuianza kazi kwa ugomvi.

Akaniuliza swali zuri: kwa nini poti 80, wakati kila mahali tunaambiwa tufunge HTTP isiyosimbwa? Jibu ni kwamba kompyuta haiiamini faili kwa sababu ya njia iliyopitia. Maelezo ya faili, pamoja na heshi zake (alama za kuhakiki kwamba haikubadilishwa), yanakuja kwa HTTPS, njia iliyosimbwa, moja kwa moja kutoka kwa huduma ya Microsoft. Maudhui yenyewe yanakuja kwa HTTP kutoka kwenye kache, na kila kipande kinalinganishwa na heshi yake. Mtu akichezea faili ndani ya nodi, kompyuta itaikataa.

Saa 4:00 asubuhi

Kwenye lango naunda nodi, naandika njia ya diski na ukubwa wake, nalo linanipa amri ya kuendesha skripti ya provisionmcc.sh ikiwa na funguo zake ndani. Funguo hizo nazichukulia kama nywila. Hazibandikwi kwenye kikundi cha gumzo, hata kwa dakika moja.

Skripti inaweka Azure IoT Edge, programu inayoendesha kontena hizo, kisha inashusha kontena. Hapa ndipo mashirika mengi hukwama, kwa sababu mashine mwenyeji inahitaji kufika Azure, na kama katikati kuna kifaa cha usalama kinachofungua trafiki iliyosimbwa ili kuikagua, mawasiliano yanakatika. Wiki iliyopita niliomba anwani zinazohitajika zisikaguliwe, na leo naona matunda ya ombi hilo: kontena zinashuka bila kusuasua.

Wakati zinashuka, naandaa tawi la pili, ambalo mwenyeji wake ni Windows. Huko nodi inaendeshwa ndani ya WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux, na akaunti inayoiendesha lazima iwe na haki ya kuingia kama kazi ya bechi, la sivyo kazi iliyoratibiwa haitaanza mashine ikiwashwa upya. Na kwa kuwa mwenyeji huyo ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine, anayesimamia mashine pepe inabidi airuhusu nayo iendeshe mashine pepe ndani yake (nested virtualization). Namwandikia. Ombi la aina hii hujibiwa kesho, si leo.

Saa 6:00 mchana

Amri ya iotedge list inaonyesha kontena zote zinaendeshwa. Naomba faili ya majaribio kutoka kwenye mashine yenyewe, napata jibu 200, yaani ombi limefaulu. Naiomba tena kutoka kwenye kompyuta nyingine ya tawi, napata 200 pia. Fayawoli, ukuta wa kuzuia mawasiliano yasiyoruhusiwa, iko sawa.

Wengi huishia hapa na kuandika kwamba kazi imekamilika. Mimi nakataa kabisa kuishia hapa, na kama kuna jambo moja ningependa msomaji anayefanya kazi hii alishike, ni hili: seva ya kache ikishindwa, haipigi kelele. Kompyuta isipoifikia nodi inarudi kuchota nje kama zamani. Sasisho linaingia, mtumiaji haoni kosa lolote, hakuna simu inayopigwa. Ni muundo mzuri kwa usalama wa kompyuta, lakini maana yake ni kwamba nodi inaweza kukaa miezi ikiwa hai na isihudumie mtu. Ushahidi uko kwenye kompyuta za watumiaji, si kwenye seva.

Saa 8:00 mchana

Kompyuta zinapaswa kuijua nodi. Njia rahisi ni sera (mpangilio unaotumwa kwa kompyuta zote) ya DOCacheHost yenye anwani ya nodi. Inatosha kwa kompyuta za mezani zisizohama. Lakini sisi tuna wakaguzi wanaozunguka na kompyuta mpakato, na mkaguzi aliyefungiwa anwani ya tawi moja akifika jingine ataendelea kuchota kutoka kule alikotoka, kwa laini ileile tunayojaribu kuinusuru. Kwa hiyo natumia chaguo namba 235 la DHCP, huduma inayoipa kompyuta anwani inapoingia kwenye mtandao: kila tawi linatangaza nodi yake, na sera ya DOCacheHostSource inaiambia kompyuta isikilize tangazo hilo.

Kwenye kompyuta tano za majaribio naendesha amri ya Get-DeliveryOptimizationStatus, inayoonyesha faili zinatoka wapi. Tatu zinaonyesha anwani ya nodi. Mbili hazionyeshi chochote, orodha tupu.

Dada anayeshughulikia sera za kompyuta anakuja kuketi nami. Tunapitia sera moja baada ya nyingine hadi tunafika DODownloadMode: kompyuta hizo mbili ziko kwenye kundi la zamani lenye thamani 100. Thamani hiyo inaiambia Windows 10 iikwepe kabisa Delivery Optimization na kutumia BITS, njia nyingine ya upakuaji ya Windows. Kwa maneno mengine, sehemu ya Windows inayojua habari za kache haishiriki kabisa kwenye upakuaji. Kwenye Windows 11 thamani hiyo imeachwa. Bila kuzikagua kompyuta zenyewe, kundi zima lingebaki nje, na nodi ingeendelea kuonyesha rangi ya kijani.

“Tuiweke ngapi?” ananiuliza.

“Moja. Zigawane pia zenyewe kwa zenyewe ndani ya tawi.”

Saa 10:00 jioni

Tunasukuma programu moja kubwa ya Office kwenye zote tano, moja baada ya nyingine.

Namba ya kuangalia ni BytesFromCacheServer. Kuna pia BytesFromHttp, na hiyo huchanganya watu, kwa sababu inajumlisha kila kilichokuja kwa HTTP, pamoja na kilichotoka kwenye kache. Ukiisoma peke yake utadhani kila kitu kimetoka nje.

Jambo jingine: kompyuta ya kwanza nayo inaandika kwamba imepata baiti kutoka kwenye kache, ingawa nodi ilizichota nje wakati huohuo. Kompyuta haiwezi kujua tofauti. Ndiyo maana dirisha la pili nimeliacha wazi kwenye grafu ya laini. Kompyuta ya kwanza: mstari unapanda hadi juu. Ya pili: faili inashuka kwa kasi, mstari wa laini umelala. Ya tatu hivyohivyo. Zile mbili zilizokuwa na orodha tupu, baada ya sera mpya kufika, nazo zimeandika anwani ya nodi.

Dada amesimama nyuma yangu akitazama ule mstari uliolala. Kwetu sisi wawili hicho ni kitu kizuri kukitazama.

Saa 11:15 jioni

Nafungua sera kwa tawi zima. Kwa upakuaji wa chinichini naweka muda wa kusubiri kabla kompyuta haijakata tamaa na nodi, ili msongamano wa dakika chache za asubuhi usizirudishe zote nje. Kwa mtu aliyebofya mwenyewe na anasubiri, muda huo nauacha mfupi.

Namwandikia mwenzangu wa tawini: mashine isizimwe usiku, na diski ya pili isipewe kazi nyingine. Kesho na keshokutwa, saa 3 asubuhi, achukue kompyuta tatu zozote, aendeshe amri ileile, anitumie namba.

Msimamizi wa mashine pepe kumbe amejibu leoleo: ameruhusu. Nodi ya tawi la pili tutaisakinisha Jumatano.