Kabla hujanunua Escudo ya miaka ya 90

Mnaotafuta Suzuki Escudo za miaka ya 90, zile fupi za milango 3 zinazoonekana bado njia ya Nungwi na Paje huku Zanzibar, msianze na injini. Ingieni uvunguni. Escudo ya enzi hizo imekaa juu ya chesisi kama lori, na chesisi ndiyo inayoliwa na chumvi yetu.

Chukua nyundo ndogo, gonga kuanzia kwenye springi za nyuma kwenda mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na magamba ya kutu yanadondoka. Ukikuta rangi nyeusi mbichi sehemu moja tu, shuku kiraka. Uozo huanzia ndani: mchanga wa ufukweni huingia kwenye matundu ya chesisi, ukashika unyevu. Kila ukitoka pwani, piga maji ya bomba ndani ya matundu hayo mpaka yatoke safi, liache likauke, ndipo upulize oili.

Injini ya 1.6 ni imara kwelikweli, naipenda. Kama muuzaji hajui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, badilisha mara moja, pamoja na tensheni yake (kikaza mkanda).

Na jamani, foowili (magurudumu yote manne kuvuta) ni ya mchangani na topeni. Gari hii haina difu ya kati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo kwenye lami kavu, ukikata kona, magurudumu ya mbele na nyuma yanavutana na mzigo wote unaishia kwenye gia na shafti. Rudisha 2H (mawili tu yavute) kabla hujapanda lami.